Bwana Hurst na Ziwa Linalokumbuka

Kazi ya kwanza aliyokabidhiwa Harold Edwin Hurst alipofika Kairo mwaka wa 1906 haikuhusu maji hata tone. Ilihusu saa. Alitakiwa kuhakikisha kwamba majira kamili yanatoka kwenye kituo cha kutazama nyota na kufika kwenye ngome ya jiji, ambako mzinga ulipigwa kila saa sita mchana ili watu wajue kwamba adhuhuri imeingia. Alikuwa kijana wa miaka 26, mwalimu wa fizikia kutoka Oxford, na nia yake ilikuwa kukaa Misri kidogo tu, aone dunia, kisha arudi kwao. Akakaa miaka 62.

Huenda jina hili hulijui. Hata mimi sikulijua mpaka nimekuwa mtu mzima, ingawa nimezaliwa na kulelewa kando ya ziwa ambalo bwana huyu alilihesabu tone kwa tone. Wanahisabati wanamjua kwa herufi moja tu, H. Wamisri walimbandika jina la Abu Nil, yaani Baba wa Nile. Sisi wa huku juu, ambako Nile Nyeupe inaanzia, hatukumwita chochote. Ni mmoja wa watu walioamua mambo makubwa kuhusu Nam Lolwe bila sisi kuwa na habari.

Nianze na dani, mama mzaa baba. Dani alihesabu miaka kwa maji. Ukimuuliza fulani alizaliwa lini, hakukupa tarehe. Alikuambia kabla ya maji kupanda, au baada ya maji kupanda. Maji aliyoyasema yalikuja na uhuru. Mvua za mwishoni mwa 1961 zilinyesha kana kwamba mtu ametoboa mbingu, na ziwa likaanza kujaa. Likaendelea kujaa 1962, na 1963, hadi Mei 1964. Uwanda wa Kano ukawa maji, mashamba ya ukingoni yakaenda, watu wakahama na paa za nyumba zao. Sisi wajukuu tulisikiliza haya kama tulivyosikiliza hadithi za sungura na fisi. Nani angeamini kwamba ziwa zima linaweza kupanda mita mbili na nusu?

Kisha 2020 ikafika. Nilikwenda Dunga, nje kidogo ya Kisumu, nikakuta maji yameingia katika vibanda vya samaki na njia ya miguu imekuwa njia ya mitumbwi. Mzee mmoja mvuvi alikuwa ameketi juu ya kreti la soda akitazama.

“Mzee, umewahi kuona kitu kama hiki?”

“Mara moja, nyathina. Nilikuwa darasa la pili.” Akanyoosha kidole kuelekea mti uliosimama majini. “Hata wakati ule yalikomea kwa ule mti.”

Nilidhani anatia chumvi. Baadaye nikatazama takwimu. Kwenye kipimo cha Jinja, mahali Nile inapotoka ziwani, kiwango cha juu cha Mei 1964 kilikuwa mita 13.41. Cha Mei 2020 kilikuwa mita 13.42. (Mita hizo huhesabiwa kutoka alama ya sufuri ya kipimo chenyewe, si kutoka sakafu ya ziwa.) Sentimita moja! Mzee hakuwa na rula, lakini mti wake ulisema kweli kuliko mimi niliyekuwa na shahada.

Hapo ndipo nilipoanza kuuliza: nani alianza kuyaandika haya? Na kwa faida ya nani?

Hurst hakuzaliwa katika nyumba ya wasomi. Baba yake alikuwa mjenzi wa kijijini karibu na Leicester, na mtoto aliacha shule akiwa na miaka 15, akajifunza kemia kidogo na useremala. Akafundisha watoto mchana huku yeye mwenyewe akisoma madarasa ya jioni. Akiwa na miaka 20 alipata ufadhili wa kwenda Oxford, na huko akafaulu fizikia kwa daraja la kwanza. Naitaja historia hii kwa sababu useremala wake haukupotea. Mtu aliyezoea kupima ubao kabla ya kuukata ana tabia fulani, na tabia hiyo utaiona katika kila kitu alichofanya Misri.

Kutoka kwenye saa alihamia kwenye mto. Misri ya wakati ule ilikuwa chini ya Waingereza, na Waingereza walitaka pamba. Pamba huhitaji maji wakati wa kiangazi, hasa katika miezi ambayo Nile iko chini. Bwawa la kwanza la Aswan, lililokamilika 1902, lilikuwa likihifadhi maji ya mwisho wa gharika ili yatumike miezi michache baadaye. Lilikuwa msaada wa mwaka mmoja kwa mwaka huohuo. Likija balaa la miaka mitatu mfululizo, bwawa hilo halikuwa na la kusema. Swali alilolibeba Hurst maisha yake yote lilikuwa hilo: utahifadhije maji ya miaka ya neema kwa ajili ya miaka ya njaa, ikiwa hujui miaka ya njaa itakuwa mingapi?

Kila aliyesoma habari za Nabii Yusufu analijua swali hili. Yusufu alikuwa na bahati, ndoto ilimpa idadi: saba na saba. Hurst hakupewa ndoto.

Basi akapima. Alipanda mto kwa meli, akatembea kwa miguu na wapagazi, akaendesha baiskeli, akatumia motokaa zilipokuja, na mwishowe ndege. Idara ya Fizikia ya serikali ya Misri, ambayo baadaye aliiongoza kama mkurugenzi mkuu, ilikusanya vipimo vya mvua, vya kina, vya kasi ya maji na vya uvukizi kutoka kila pembe ya bonde la Nile. Mwaka wa 1925 ilichapisha kazi yake kuhusu bonde la maziwa, yaani nchi yetu hii ya Victoria, Kyoga na Albert. Kuanzia 1931 yakaanza kutoka majuzuu ya The Nile Basin, moja baada ya jingine, pamoja na nyongeza za takwimu zilizoendelea kuchapishwa mwaka nenda mwaka rudi. Hayasomeki kitandani. Ni majedwali, majedwali, na majedwali tena.

Hapa ndipo watu wengi hupita haraka, nami naomba tusimame. Tunapenda kusimulia mwanasayansi kama mtu aliyepata wazo akiwa anaoga. Kazi kubwa ya Hurst haikuwa wazo. Ilikuwa kuhakikisha kwamba karani fulani, katika kituo fulani chenye mbu, anaamka asubuhi, anashuka hadi majini, anasoma alama kwenye ubao wa kipimo, anaiandika, na kesho anarudi tena. Na akifa au akihamishwa, mwingine anaanza siku inayofuata. Vipimo vya Ziwa Victoria vilianza 1896, kabla reli haijafika Kisumu, na vikasomwa Entebbe, Jinja na Kisumu. Bonde lote lilikuwa chini ya serikali mbalimbali: Misri, Sudan, Uganda, Kenya, Tanganyika, Kongo ya Wabelgiji, Uhabeshi. Kila moja ilikuwa na bajeti yake, hofu zake na faili zake. Kuzifanya zote zisome maji kwa namna moja na kuleta takwimu mahali pamoja si mchezo, na hakuna anayepewa tuzo kwa kufanya hivyo. Wasomaji wenyewe wa vipimo hawatajwi kwenye majalada. Kwenye majalada kuna Hurst, kuna Phillips, kuna Black, na kuna Mmisri Yusuf Simaika, mshirika wake wa miaka mingi.

Umuhimu wa uvumilivu huo unaonekana ukimlinganisha na mtaalamu mwingine wa enzi ileile. Mwaka wa 1923, C. E. P. Brooks wa idara ya hali ya hewa ya Uingereza alitangaza kwamba kupanda na kushuka kwa Ziwa Victoria kunafuatana na madoa ya jua. Jua likiwa na madoa mengi, ziwa hujaa; madoa yakipungua, ziwa hushuka. Na takwimu za miaka ile zilimuunga mkono ajabu! Tangu 1896 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1920 mistari miwili ilitembea pamoja kama maharusi. Watu walifurahi sana, kwa sababu madoa ya jua yana mzunguko wa takriban miaka 11, kwa hiyo ziwa lingetabirika. Lakini wapi. Miaka michache baadaye ziwa liliachana na jua, likaenda zake. Robo karne ya vipimo ilionekana nyingi. Kumbe kwa ziwa ni asubuhi moja tu.

Sasa, kwa nini Mmisri ahangaike na ziwa letu? Karibu asilimia 85 ya maji ya Nile yanayofika Aswan hutoka nyanda za juu za Ethiopia. Lakini maji ya Ethiopia huja kwa fujo, yote kwa miezi michache, yakibeba matope. Maji ya maziwa ni kidogo lakini hayakatiki, na hayo ndiyo yaliyoibeba Misri wakati wa ukame. Kisha kuna hesabu ambayo, ukiifanya mara moja, utaelewa kila kitu. Ziwa Victoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800. Liinue mita moja tu, umehifadhi mita za ujazo karibu bilioni 69. Mto Nile wote, ukifika Aswan, ulikuwa ukipitisha wastani wa bilioni 84 kwa mwaka. Yaani kwa kuweka ukuta mmoja pale Jinja, na kuliacha ziwa lipande kimo cha mtoto wa miaka minne, unaweka akiba inayokaribia maji ya mwaka mzima ya Nile. Hakuna mahali pengine duniani ambapo mhandisi angepata tangi kubwa hivyo kwa bei hiyo. Tena tangi lisilopoteza sana: karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia ziwani huanguka moja kwa moja kama mvua juu yake, na uvukizi wake ungekuwepo hata pasipo bwawa, maana uso wa maji ungebaki karibu uleule. Hifadhi yoyote jangwani ingekunywa maji yake yenyewe.

Mpango ulichapishwa mwaka wa 1946 katika juzuu ya saba. Waliuita, kwa Kiswahili changu, akiba ya karne. Ziwa Victoria na Ziwa Albert yawe maghala ya miaka mingi, Kyoga iwe na mlango wa kudhibiti, Ziwa Tana lishughulikie upande wa Ethiopia, na katika Sudan ya kusini uchimbwe mfereji wa Jonglei kuyapitisha maji kando ya vinamasi vya Sudd, ambako takriban nusu ya Nile Nyeupe hupotelea angani. Ukiisoma kama mhandisi, ni kazi nzuri sana, imeunganishwa kama mlango na bawaba zake. Ukiisoma kama mjukuu wa dani, unajikuta unatafuta ukurasa ambao watu wa Kano wameulizwa. Mpango huu uliandikwa kwa niaba ya mtu aliye mwisho wa bomba.

Ilikuwa katika kutafuta ukubwa wa ghala hilo ndipo Hurst alipojikwaa kwenye jambo lililompa umaarufu.

Chukua mfano wa mkulima mwenye ghala la mahindi. Mavuno hupanda na kushuka kila mwaka, na yeye anataka watoto wale chakula kilekile kila mwaka kwa miaka 100. Ghala liwe kubwa kiasi gani? Ukidhani miaka imepangwa kama karata zilizochanganywa vizuri, mwaka mzuri hauujui mwaka mbaya uliopita, hesabu ya vitabuni ina jibu: ghala litoshee takriban mara 12.5 ya kiasi ambacho mavuno ya mwaka hutofautiana kwa kawaida na wastani. Hurst alipoiweka kanuni hiyo juu ya takwimu za Nile haikukaa. Ghala lilihitaji kuwa kubwa zaidi. Miaka mibaya ilipenda kuja pamoja, na miaka mizuri vilevile, na makundi hayo hayakuwa na urefu maalumu: pengine matatu, pengine saba, pengine arobaini.

Angeweza kusema Nile ni mto wa ajabu, akaishia hapo. Fundi seremala hakukubali. Alichukua rekodi za Roda, kisiwa cha Kairo, ambako kimo cha gharika ya Nile kilihifadhiwa kimaandishi tangu mwaka wa 622. Akachukua mvua za miji mbalimbali, halijoto, viwango vya maziwa, pete za miti ya kale, tabaka za tope zilizojilaza chini ya maziwa mwaka baada ya mwaka. Aliyahesabu haya enzi ambayo kompyuta haijafika mezani kwa mtu. Hata karata alizitumia: alitengeneza seti yake yenye namba, akazichanganya na kuzikata mara nyingi mno, aone bahati nasibu tupu inafanana vipi. Kila mahali katika maumbile jibu lilikuwa karibu lilelile. Bahati nasibu ingempa kipeo cha 0.5; yeye alipata wastani wa 0.73. Inaonekana tofauti ndogo. Kwa ghala la miaka 100, kipeo hicho kinakupeleka kutoka mara 12.5 hadi mara 17 na zaidi, ghala kubwa kwa karibu asilimia 40. Alichapisha matokeo mwaka wa 1951 katika jarida la wahandisi wa Marekani, akiwa na miaka 71, umri ambao wenzake wengi walikuwa wakipogoa maua.

Kwa miaka kadhaa wataalamu walilitazama jambo hili kama fumbo. Kisha mwanahisabati Benoit Mandelbrot akalichukua, na mwaka wa 1968, pamoja na mtaalamu wa maji James Wallis, akaliita athari ya Yusufu. Kile kipeo akakipa herufi H kwa heshima ya Hurst. Leo herufi hiyo inatumika kuchunguza bei za hisa, mapigo ya moyo na msongamano kwenye intaneti. Sidhani kama wafanyabiashara wa hisa wanajua kwamba wanatumia kipimo kilichozaliwa kwa ajili ya pamba ya Misri na maziwa ya Afrika Mashariki.

Upande wa siasa mambo yalikuwa yakienda kwa mwendo wake. Mkataba wa 1929 ulikuwa umekwisha kuifunga Uingereza, kwa niaba ya makoloni yake, isijenge chochote juu ya Nile wala maziwa yake kitakachoipunguzia Misri maji bila Misri kukubali. Uganda ilipotaka umeme wa Owen Falls, ilibidi barua zivuke kutoka London hadi Kairo. Wakakubaliana. Misri ikachangia bwawa liwe refu zaidi ili ziwa liweze kuinuliwa mita moja, ikalipa pauni 980,000 kufidia umeme ambao Uganda ingekosa, na mhandisi wa Misri akapewa makao Jinja atazame jinsi milango inavyofunguliwa. Fidia kwa wakazi wa ukingoni ilitajwa kwenye barua. Ila waandishi wa barua hawakuwa wakazi wa ukingoni. Malkia Elizabeth alilifungua bwawa tarehe 29 Aprili 1954, na maporomoko ya Ripon, yale Speke aliyoyapachika jina la bwana mmoja wa Uingereza, yakazama.

Sheria ya kuendesha bwawa ilikuwa ya kiungwana: toa maji kiasi kilekile ambacho mwamba wa Ripon ungetoa wenyewe, kulingana na kimo cha ziwa siku hiyo. Jedwali hilo likaitwa Mchirizo wa Makubaliano. Bwawa lijifanye mwamba, ziwa lisijue kwamba limefungwa.

Halafu, miaka saba tu baadaye, ziwa likafanya lake.

Leo tunajua kwamba mwishoni mwa 1961 Bahari ya Hindi ilipata joto upande wetu na kupoa upande wa Indonesia, kama ilivyotokea tena 2019. Wakati ule hakuna aliyelijua hilo. Kilichoonekana ni maji. Zidisha ile mita mbili na nusu kwa eneo la ziwa: bilioni 170 za mita za ujazo ziliingia na kukaa, ndani ya miezi 31. Mpango wa Hurst ulikuwa umeomba mita moja kwa adabu. Mbingu ikatoa mbili na nusu bila kuombwa. Jedwali la Makubaliano likabidi lirefushwe kwa sababu namba zake ziliisha. Mtiririko wa Jinja, uliokuwa takriban bilioni 20 kwa mwaka, ukakaribia mara mbili, ukabaki juu kwa miongo. Kule chini vinamasi vya Sudd vilitanuka, na malisho ya Wanuer na Wadinka yakamezwa. Hurst alikuwa bado hai, na alikuwa ameandika kwa miaka mingi kwamba miaka ya maji huja kwa kundi. Kundi likaja. Alikuwa sahihi, na usahihi wake haukumsaidia mtu yeyote wa Budalang'i.

Lilizaa kitu kimoja, hata hivyo. Mwaka wa 1967 ulianza uchunguzi wa pamoja wa maji ya maziwa ya Victoria, Kyoga na Albert, ukihusisha Kenya, Uganda, Tanzania, Sudan na Misri. Mara hii nchi za juu zilikuwa mezani, tena zikiwa huru. Tanganyika ilikuwa imekwisha kusema tangu 1962 kwamba mkataba wa 1929 hauifungi.

Na akiba ya karne? Iliondoka kwetu. Baada ya mapinduzi ya 1952, watawala wapya wa Misri hawakutaka ghala lao liwe chini ya kufuli za Waingereza huko Uganda. Walitaka ghala moja, kubwa, ndani ya mipaka yao. Hesabu za Hurst na Simaika zilizokuwa zimeandaliwa kwa maziwa zikatumika kupima Bwawa Kuu la Aswan, lililojengwa kati ya 1960 na 1970. Hifadhi yake, Ziwa Nasser, hubeba takriban bilioni 160. Yaani pungufu ya kile ambacho Nam Lolwe ilijiongezea yenyewe wakati bwawa hilo likiwa bado msingi. Jangwa linalinywa kila siku, kama Hurst alivyojua lingefanya. Wanubi wapatao 100,000, wa Misri na wa Sudan, walihamishwa ili maji yapate pa kulala. Nikifikiria kwamba gharama ile ingeweza kuwa yetu, sijui nishukuru au nione haya.

Mfereji wa Jonglei ulianza kuchimbwa 1978. Mwezi Desemba mwaka huohuo Hurst alifariki, mwezi mmoja kabla ya kutimiza miaka 99. Zaidi ya kilomita 200 zilichimbwa kabla ya vita kuusimamisha mwaka wa 1984. John Garang, ambaye wapiganaji wake ndio walioisimamisha kazi, alikuwa ameandika tasnifu yake ya udaktari huko Marekani kuhusu maendeleo ya eneo hilohilo la mradi. Si kila mpinzani wa mhandisi huwa hajasoma majedwali.

Nimekuwa nikimwandika Hurst kwa zaidi ya mwezi na bado sijaamua kama nampenda. Alitumikia nchi isiyo yake kwa uaminifu ambao maofisa wetu wengi hawautumii kwa nchi iliyo yao. Alijenga idara iliyoendelea kupima maji wakati wafalme wakipinduliwa. Lakini alilitazama ziwa kutoka upande wa mfereji wa pamba, na kutoka huko ziwa halina watu, lina ujazo. Jambo linalonichoma ni kwamba alilielewa vizuri kuliko wengi wetu tunaolitazama kila siku. Mwaka wa 2006 maji yalishuka hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa takriban miaka 80. Ukame ulichangia, na vilevile mitambo ya Jinja, ambayo tangu kuongezwa kwa kituo cha Kiira mwaka wa 2000 ilikuwa ikipitisha maji kuliko Mchirizo ulivyoruhusu. Boti zikakwama topeni. Watu wakasema ziwa linakufa, wakasogeza vibanda na mashamba hadi mahali maji yalipoishia, wakajenga kwa mawe. Miaka 14 baadaye maji yalikuja kuchukua mahali pake. Mtu aliyekuwa na daftari la kuanzia 1896 angewaambia. Daftari lilikuwepo.

Nilirudi Dunga mwishoni mwa mwaka ule wa 2020. Maji yalikuwa yamepungua kidogo, gugumaji limekauka juu ya kuta. Yule mzee alikuwa amehamishia duka lake kwenye kibanda cha mabati kilicho juu zaidi, ila nguzo ya mbao ya kibanda cha zamani ilikuwa bado imesimama, nusu majini. Ilikuwa imechanjwa kwa kisu, chanjo moja juu ya nyingine, na kando ya kila chanjo tarehe kwa kalamu ya wino mzito.

“Mzee, kumbe unapima?”

“Ni watoto walianza, kwa mchezo. Nikaona nisiache.” Akatoa kalamu mfukoni akanipa. “Ya leo bado. Shuka uandike wewe, nyathina, mimi magoti yamekataa.”

Nikavua viatu.